Pesa 64, Hela 100: Historia ya Kuhama kutoka Hesabu ya Nane hadi Hesabu ya Kumi Afrika Mashariki

Ikisiri

Maneno mawili ambayo Mswahili huyatumia kila siku kwa maana ya fedha, yaani pesa na hela, ni majina ya sarafu mbili ndogo. Zote mbili zilikuwa vipande vya rupia, lakini kwa hesabu tofauti: pesa ilikuwa sehemu moja ya 64, hela sehemu moja ya 100. Makala haya yanayachunguza mabadiliko ya mwaka 1904 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo Burundi ilikuwa sehemu yake, kama ubadilishaji wa mfumo wa namba, na si wa sarafu pekee. Yanaonyesha kwamba msamiati wa Kiswahili wa kugawa kwa nusu unatosha kufundishia mifumo ya namba inayotumika katika kompyuta, na yanauliza swali ambalo wahusika wa mwaka 1904 hawakuulizwa: baki la mgawanyo hubebwa na nani?

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza somo la mifumo ya namba huambiwa kwamba 100 si lazima iwe mia. Katika mfumo wa nane, unaotumia tarakimu 0 hadi 7 pekee, tarakimu ya kwanza kutoka kulia ni ya mamoja, ya pili ni ya manane, na ya tatu ni ya nane mara nane. Kwa hiyo 100 ya mfumo huo ni sitini na nne. Wengi hulipokea jambo hili kama kanuni ya kukariri kwa ajili ya mtihani, kisha hulisahau. Lakini mtu aliyekuwa akiuza mtama Bagamoyo au Ujiji mwaka 1900 asingeshangazwa nalo. Fedha yake nzima, rupia, ilikuwa na pesa 64. Miaka minne baadaye rupia ileile, kwa jina lilelile, ikawa na vipande 100 vya jina jingine.

Sidai kwamba Waswahili waliandika namba kwa mfumo wa nane. Walihesabu kwa makumi, na tarakimu walizoandika kwa hati ya Kiarabu zilikuwa za makumi vilevile. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na nadhani kinathibitika: vipimo vyao vya nafaka, nguo na fedha vilipangwa kwa kugawa nusu, kisha nusu ya nusu, kisha nusu ya hiyo. Mpango wa aina hiyo huandikika kwa wepesi katika mfumo wa mbili, wa nane au wa kumi na sita, na hupata taabu unapolazimishwa kukaa ndani ya mfumo wa kumi. Kuhesabu kulikuwa kwa kumi. Kugawa kulikuwa kwa nane. Historia ninayoifuatilia hapa ni ya siku mambo hayo mawili yalipolazimishwa kuwa kitu kimoja.

2.0 Nane ya kuhesabu na thumni ya kugawa

Tuanze na maneno yenyewe. Kati ya sita na tisa, Kiswahili kilichukua maneno matatu ya Kiarabu: sita, saba na tisa. Maneno ya Kibantu yaliyokuwa mahali pake hayakufa yote. Kenda bado husikika badala ya tisa. Fungate, iliyokuwa saba, imejificha katika siku saba za maharusi, na wengi wanaokwenda fungate hawajui kwamba wanataja namba. Tandatu, iliyokuwa sita, imebaki kwa wanaosoma maandishi ya kale. Ni nane peke yake, kati ya zile nne, iliyobaki mahali pake bila kushindaniwa katika Kiswahili sanifu.

Kirundi kimetunza safu nzima: gatandatu, indwi, umunani, icenda. Hata indwi imefuata njia iliyo jirani na ya fungate, kwa kuwa katika Kirundi hiyohiyo saba ndiyo pia juma. Anayelinganisha Kirundi na Kiswahili ataona kwamba sita ya Kibantu imejengwa juu ya tatu, na nane juu ya nne. Tazama gatatu na gatandatu katika Kirundi, nne na nane katika Kiswahili, au inya na inyanya katika Gikuyu. Nane ni nne iliyorudiwa. Neno lenyewe, tangu zamani sana, limebeba kitendo cha kuzidisha kwa mbili.

Kwa upande wa kugawa, Kiswahili kilichukua mfululizo wa Kiarabu: nusu, robo, thumni. Wengine hutamka thumuni, na Kenya husikika sumuni. Shina la thumni ndilo lililo ndani ya themanini, kama shina la robo lilivyo ndani ya arobaini. Hivyo Kiswahili kina nane mbili. Moja ni ya Kibantu, nayo huhesabu vitu vilivyo mbele yetu. Nyingine ni ya Kiarabu, nayo hukata kitu kizima vipande. Mgawanyo huu wa kazi haujapewa uzito unaostahili katika uundaji wa istilahi za hisabati, na nitaurudia chini.

Vipimo vya nafaka vilifuata njia hiyohiyo. Pishi ni visaga viwili. Kisaga ni vibaba viwili. Na nusu kibaba, kwa hiyo, ni thumni ya pishi. Kibaba kinachojazwa haba na haba katika methali kilikuwa nusu ya nusu. Mpimaji hakuhitaji mizani wala maandishi, bali chombo na jicho, kwa sababu nusu ndiyo sehemu pekee ambayo watu wawili wasioaminiana wanaweza kuikubali kwa kutazama tu. Jaribu kumgawia mtu sehemu moja ya kumi ya pishi mbele ya jirani yake.

3.0 Doti na fundo katika njia ya misafara

Kiswahili kilifika ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika pamoja na biashara ya misafara iliyopita Ujiji. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliandika kwa kirefu juu ya vipimo vya njia hiyo, na ndani yake mifumo yote miwili inaonekana ikitembea bega kwa bega.

Shanga zilikwenda kwa kumi: kete kumi zilifanya fundo moja. Nguo zilikwenda kwa nane. Mkono, yaani urefu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, ulikuwa kipimo cha msingi. Mikono miwili ni wari, mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Mkono nao ulikatwa nusu na kuwa shibiri mbili, hivyo doti ilikuwa na shibiri 16. Leo doti ni jozi ya kanga, na neno limesahau mikono yake minane, lakini ujozi umebaki.

Tofauti hii haikutokea kwa bahati. Shanga ni vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, na vidole vya mikono ni kumi. Nguo ni kitu kinachokunjwa, na kila kukunja ni kugawa kwa mbili: ikunje doti mara tatu, utapata mkono mmoja kamili. Mfanyabiashara aliyekuwa akibadilisha shanga kwa nguo alikuwa akibadilisha pia namna ya kuhesabu, naye alifanya hivyo kwa ustadi bila mtu kumwambia kwamba anafanya hisabati.

4.0 Rupia kama namba yenye tarakimu tatu

Katika karne ya 19 pwani ilitumia reale, jina ambalo watu waliipa dola ya fedha ya Kihispania na baadaye ile ya Maria Theresa. Dola ya Kihispania yenyewe ilikuwa na reale nane, na hilo ni jambo la kufurahisha kwa mada yetu, ingawa huku kwetu jina la kipande ndilo lililopewa kitu kizima. Thumni ya reale ilikuwa kiasi cha kawaida katika bei. Pamoja na reale ikaja rupia ya India na vipande vyake vya shaba. Rupia moja ilikuwa anna 16, na anna moja pesa nne. Seyyid Barghash wa Zanzibar alitoa pesa zake za shaba zenye mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1881/82, zikiwa na picha ya mizani. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilitoa zake kwa ajili ya Mombasa mwaka 1888, na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikaanza kutoa zake mwaka 1890, upande mmoja zikiwa na maandishi ya Kiarabu.

Pesa 64 kwa rupia ni nane mara nane. Tukiingiza kati yake kipimo cha pesa nane, na tukiite thumni ya rupia kwa ajili ya hesabu, tunapata ngazi tatu: rupia, thumni, pesa. Kila ngazi ni mara nane ya iliyo chini yake. Hiyo ndiyo thamani ya nafasi katika mfumo wa nane.

Chukua pesa 300. Ni rupia ngapi? Mwenye duka angetoa rupia nne kwanza, ambazo ni pesa 256, akabaki na 44. Katika 44 mna thumni tano, ambazo ni 40, na pesa nne zinabaki. Rupia nne, thumni tano, pesa nne: 454. Hiyo ndiyo namba 300 ikiandikwa kwa mfumo wa nane. Kitabu cha kompyuta kingemtaka mwanafunzi agawe 300 kwa 8 apate 37 baki 4, kisha 37 kwa 8 apate 4 baki 5, kisha 4 kwa 8 apate 0 baki 4, halafu asome mabaki kutoka chini kwenda juu. Jibu ni lilelile, na sasa kila baki lina maana: la kwanza ni pesa zisizotimia thumni, la pili ni thumni zisizotimia rupia. Kurudi kwenye mfumo wa kumi ni kuzidisha tu: 4 mara 64, 5 mara 8, 4 mara 1, kisha jumla.

Mifumo mingine miwili haihitaji hesabu mpya. Kila tarakimu ya mfumo wa nane ni vipande vitatu vya mfumo wa mbili, kwa hiyo 454 hufunguka kuwa 100 101 100. Tukizipanga upya tarakimu hizohizo nne nne kutoka kulia, tunapata 1 0010 1100, ambayo katika mfumo wa kumi na sita huandikwa 12C, herufi C ikisimama kwa kumi na mbili. Hapa nafasi ya pili ni ya pesa 16, ambazo ni robo rupia, na ya tatu ni ya pesa 256, ambazo ni rupia nne. Hivyo 12C ni rupia nne, robo mbili na pesa 12. Fedha haikubadilika, kilichobadilika ni mifuko iliyotumika kuipanga.

Wazo la kuhesabu kwa nane halikuwa la hapa peke yake. Emanuel Swedenborg aliandika mwaka 1718 pendekezo la kuufanya mfumo huo uwe wa matumizi nchini Uswidi, baada ya Mfalme Charles XII kuupendelea wa 64. Halikufika mbali. Jambo la kuangaliwa ni kwamba pale lilikuwa pendekezo la msomi kwa mfalme, na huku lilikuwa sokoni.

5.0 Mwaka 1904

Serikali ya Kijerumani ilipochukua madaraka ya sarafu kutoka kwa kampuni, iliifunga rupia na fedha ya nyumbani kwake kwa kiwango cha rupia 15 kwa mark 20, na mwaka 1904 ikaigawa rupia kuwa heller 100. Watu waliiita hela. Waingereza walifanya vivyo hivyo upande wao kwa senti, na sarafu za kwanza za rupia hiyo ya senti 100 zina mwaka 1906. Zanzibar ilitoa senti zake mwaka 1908. India yenyewe, nyumbani kwa rupia, ilingoja hadi 1957, na Uingereza haikuziacha shilingi 20 na peni 240 za pauni yake hadi 1971. Afrika Mashariki ilibadilishwa mapema kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuulizwa.

Kwa kiasi kikubwa hakuna aliyeumia. Kodi ya nyumba ya rupia tatu ilikuwa pesa 192. Ikawa hela 300. Ukiiandika 192 kwa mfumo wa nane unapata 300 vilevile, na ndivyo ilivyo kwa kila idadi ya rupia kamili kuanzia moja hadi saba. Nusu rupia ilikuwa pesa 32, ikawa hela 50. Robo ilikuwa 16, ikawa 25. Hapo ndipo njia inapokatika. Nusu ya robo, yaani thumni ya rupia, ni pesa nane kamili lakini ni hela 12 na nusu. Anna moja ni pesa nne, na ni hela 6 na robo. Pesa moja ni hela 1.5625.

Sababu ni nyepesi kueleza. 64 hukubali kugawanywa nusu mara sita bila kuvunja kipande: 32, 16, 8, 4, 2, 1. Mia hukubali mara mbili tu, 50 na 25, kisha huvunjika. Mfumo wa kumi uliwarahisishia kazi watunza vitabu, ambao hujumlisha, na ukawaongezea kazi wauzaji wa rejareja, ambao hugawa.

Jozi ndogo kabisa ya namba kamili zinazolingana ni pesa 16 kwa hela 25. Chini ya hapo lazima mtu apate na mwingine apoteze. Fikiria kitu kilichouzwa kwa pesa moja. Kikiuzwa hela moja, vitu 16 vinaleta hela 16 badala ya 25, na muuzaji amepoteza asilimia 36. Kikiuzwa hela mbili, vinaleta 32, na mnunuzi ameongezewa asilimia 28. Kwa bahati serikali ilitengeneza pia sarafu ya nusu hela. Kikiuzwa hela moja na nusu, vitu 16 vinaleta 24, na hasara ya muuzaji ni asilimia 4. Asilimia 4 kwa tajiri wa misafara ni kelele za karani. Kwa mama anayeuza mboga za pesa moja moja, ni mboga moja katika kila 25, kila siku, bila kosa lake.

Posta inatupa ushahidi ulioandikwa, kwa sababu stempu haziwezi kupatana bei. Stempu za pesa za mwaka 1901 zilianza na 2, 3, 5 na 10. Zilizozifuata mwaka 1905 zilianza na hela 2½, 4, 7½ na 15. Kwa hesabu halisi pesa 2 ni hela 3.125, pesa 3 ni 4.6875, pesa 5 ni 7.8125, pesa 10 ni 15.625. Zote nne zilikatwa kwenda chini, kwa kuwa posta ilizipatanisha na fedha ya Ujerumani, na haikuangalia pesa iliyotangulia. Mwenye kuandika barua alipata nafuu kidogo. Serikali ilimudu kulibeba baki hilo. Muuza mboga hakuwa na fedha ya nje ya kujipatanisha nayo.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliufunga mlango huo. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wakitengeneza hela za shaba ya njano Tabora kwa sababu sarafu hazikuweza tena kufika kutoka Ulaya, na mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura. Faranga ya Kongo ya Kibelgiji ikashika nafasi ya rupia. Hela iliishi Burundi muda mfupi, pungufu ya miaka kumi na mitano, lakini Kirundi kiliichukua na hakikuiachia. Fedha kwa Kirundi ni amahera. Neno limepewa kiambishi cha wingi, na l imekuwa r kama kawaida ya lugha hiyo.

Upande wa Waingereza neno lililobaki ni la mfumo wa zamani. Thumni ya reale ilikaribiana na robo rupia. Rupia ilipolinganishwa na shilingi mbili mwaka 1920, robo yake ikawa nusu shilingi, na ndiyo maana senti 50 ziliitwa thumni. Neno lenye maana ya sehemu ya nane likawa jina la nusu. Nimeona wanafunzi wakidhani hilo ni kosa la wazee. Si kosa. Wazee walikuwa bado wanaipima reale ambayo haikuwapo tena.

6.0 Kinanira: mifumo mitatu katika bei moja

Katika mtaa wa Kinanira, kusini mwa Bujumbura, ninakoandikia makala haya, bei ya kitu dukani inaweza kutajwa kwa Kirundi, Kiswahili au Kifaransa, na mara nyingi mazungumzo huanza kwa lugha moja na kumalizika kwa nyingine. Chukua themanini. Kiswahili huipokea kwa neno moja la Kiarabu. Kirundi huijenga kwa makumi manane. Kifaransa cha hapa, kilichorithiwa kwa Wabelgiji, kina neno la makumi saba na neno la makumi tisa, lakini themanini bado ni ishirini nne, quatre-vingts. Mtoto anayetumwa mkate anavuka mifumo miwili ya hesabu kabla hajafika nyumbani. Hakuna anayemwambia kwamba hiyo ni elimu, na anapofika darasa la kompyuta anafundishwa kana kwamba hajawahi kuona namba moja ikivaa nguo mbili.

Hapa swali la istilahi linakuwa la sera. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, mahitaji ya vitabu vya Kiswahili vya sayansi yameongezeka, na waandishi wanachagua kati ya njia mbili. Ya kwanza ni kutohoa: binari, oktali, desimali, heksadesimali. Ya pili ni kusema wazi: mfumo wa mbili, wa nane, wa kumi, wa kumi na sita. Mimi niko upande wa njia ya pili, na si kwa uchungu wa lugha. Katika shule za msingi neno desimali tayari lina kazi nyingine: ni namba yenye nukta, kama 0.25. Mwanafunzi anayeambiwa abadili oktali kuwa desimali ana haki ya kutafuta nukta. Istilahi iliyokwisha kuajiriwa mahali pamoja haifai kuajiriwa pa pili katika somo lilelile. Oktali na wenzake waingizwe katika kamusi kama vidahizo vya kuelekeza, ili anayekutana navyo asipotee.

Faida ya pili ni ya Mrundi hasa. Nane na umunani zinatambuana. Oktali haitambuani na lolote kati ya hayo. Na kwa sehemu za namba, thumni ipo tayari. Katika mfumo wa nane, 0.1 ni thumni moja, 0.2 ni robo, 0.4 ni nusu. Mwalimu anayeanzia hapo, akiwa na pishi, kisaga na kibaba mezani, hatahitaji kueleza nukta mara mbili. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa yanapopanga orodha za istilahi, yangefanya vyema kuziweka pesa, anna, doti, kisaga na thumni ndani ya orodha ya hisabati, na si katika ile ya mila na desturi ambako kwa kawaida hupelekwa kustaafu.

7.0 Baki

Mfumo wa nane bado una kazi ndani ya mashine. Katika mifumo ya Unix na Linux, ruhusa za faili huandikwa kwa tarakimu tatu za mfumo huo: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1, na jumla huwekwa kwa mwenye faili, kwa kikundi chake na kwa watu wengine. Faili ya 644 humruhusu mwenyewe kusoma na kuandika, na wengine wote kusoma tu. Anayeisoma kama mia sita arobaini na nne hajaielewa; kwa mfumo wa kumi ni 420, na hata hiyo haimwambii kitu. Ni nusu, robo na thumni za ruhusa. Katika lugha ya C sifuri ya mbele hutosha kubadili mfumo, hivyo 010 husomwa nane. Mtu mmoja anaweza kupoteza alasiri nzima kwa sifuri hiyo.

Lakini jambo zito zaidi ni kinyume cha lile la 1904. Wakati ule vipande vya nane vililazimishwa kukaa ndani ya kumi. Leo fedha za kumi zinawekwa ndani ya mashine za mbili, na sehemu moja ya kumi haiandikiki humo kwa ukamilifu. Kwa mfumo wa nane ni 0.06314, kisha 6314 hujirudia bila mwisho, na mashine hulazimika kukata mahali fulani. Mafundi makini hulikwepa tatizo kwa kuhifadhi fedha kama idadi kamili ya kipande kidogo kabisa. Huhesabu senti, si shilingi, kama vile mwenye duka aliyehesabu pesa na si rupia. Asiye makini hukusanya mabaki, au huyapoteza, na mwenye akaunti ya simu hana njia ya kujua.

Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki ilitiwa sahihi Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikilenga sarafu moja ndani ya miaka kumi. Muda huo umepita na mpango haujafutwa. Siku utakapotekelezwa, bei zote za Kinanira zitabadilishwa kwa uwiano fulani, na uwiano huo hautakuwa wa namba nzuri. Ulaya ilipokabiliwa na hali hiyo, kanuni ya mwaka 1997 iliagiza kila kiwango kiandikwe kwa tarakimu sita na kisikatwe. Ndiyo maana faranga ya Ubelgiji iliingia katika euro kwa 40.3399, si kwa 40. Kanuni ya namna hiyo ni muhimu, lakini hulinda hesabu za benki kuliko za meza ya sokoni, ambako hakuna sarafu ya tarakimu ya sita.

Washauri wa sera wanaoandaa sheria hiyo wanahitaji mambo mawili kutoka kwetu sisi wa lugha, na wanayahitaji kabla ya rasimu. La kwanza ni maneno thabiti ya baki, kukata na kukadiria, katika Kiswahili na Kirundi, yenye maana moja kwa mwanasheria na kwa muuza nyanya. La pili ni orodha itakayoonyesha, kwa kila fedha ya nchi wanachama, jozi ndogo kabisa inayolingana bila baki, na sarafu gani zitengenezwe kwa ajili ya bei zilizo chini ya jozi hiyo. Kwa pesa na hela jozi ilikuwa 16 kwa 25. Sarafu iliyopunguza hasara ya mwenye pesa moja hadi asilimia 4, yaani nusu hela, ilitengenezwa mwaka 1904, 1905 na 1906, kisha ikaachwa.